Gideoni Dena Kiponda, Aliyelikuta Jiwe Jipya Ndani ya Karai (1934–1989)

Mchungaji, wazee wa mbari, majirani wa Kibarani mliokodi lori mbili kuja hadi Rabai, na nyote mliofika kumsindikiza ndugu yetu: kazi ya kuandika maneno haya alipewa Charo Kiponda, mdogo wake marehemu, kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani anayezijua tarehe. Marehemu mwenyewe angeyaandika vizuri zaidi, kisha angeyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mvumilieni Charo. Lipo jambo atakalolisema mwishoni ambalo limemkosesha raha siku nne hizi, na asingependa kulisema kabla hajawasimulia kaka yake alikuwa mtu wa namna gani.

Gideoni Dena alizaliwa hapa hapa Rabai tarehe 17 Machi 1934, mtoto wa kwanza wa mzee Kiponda Dena, seremala wa kanisa, na mama Kache. Alibatizwa mwaka ule ule siku ya Pentekoste. Kwa desturi yetu alipewa jina la babu yake, naye alitarajiwa siku moja amzae Kiponda mwingine, ili majina yazunguke na yasipotee. Hili la jina lilikuja kumwandama maisha yake yote. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba Dena alianza kulamba mawe kabla hajamaliza kuota meno. Alichapwa, akapakwa pilipili midomoni, wapi! Akapewa dawa ya minyoo mara tatu kwa mwaka mmoja, na minyoo haikuonekana.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia 1942 hadi 1950, akamaliza darasa la nane akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, na Dena hakuwahi kulisema hilo bila kukohoa kidogo. Mwaka uliofuata baba alifariki, wadogo tuko watano, na habari za sekondari zikaishia hapo. Hakulalamika. Aliuza randa na misumeno ya baba, akawalipia wadogo karo, akaenda Mombasa kutafuta kazi.

Tarehe 2 Juni 1952 aliajiriwa na serikali katika maabara ya mawe, kazi yake kufagia na kuosha. Kila jiwe lililoletwa kutoka bara au pwani lilipita kwanza mikononi mwake, chini ya bomba, kwa brashi, mpaka liwe safi. Baada ya miaka minne alipandishwa akawekwa kwenye gurudumu. Walio wengi hapa hawajui kazi ile, basi tuiseme: unalikata jiwe, unalibandika kwenye kipande cha kioo, unalisugua na kulisugua mpaka liwe jembamba kuliko karatasi na mwanga upenye, ndipo mwenye digrii aje akae kwenye hadubini aseme hili ni jiwe gani. Dena alisugua hivyo miaka mingi. Wakubwa walikuja na kuondoka, Wazungu kisha Waafrika, na wote walijifunza kumuuliza yeye kwanza, kwa sauti ya chini, kabla ya kuandika. Ripoti zilipotoka, mwishoni kulikuwa na mstari wa kuwashukuru wafanyakazi wa maabara. Huo ndio uliokuwa wake, na hata huo hakuwa nao peke yake.

Tarehe 6 Desemba 1958, Jumamosi, alifunga ndoa katika kanisa hili na Mbodze Mwaro, binti wa Ribe. Mbodze hakuwa amepelekwa shule. Kwenye kitabu cha kanisa alitia kidole gumba, na aliyemshikia kidau cha wino ni Charo, aliyekuwa amevaa suruali ndefu kwa mara ya kwanza na akaimwagia wino. Shemeji aliiosha suruali ile siku ile ile ya arusi yake. Walioishi naye wanajua: Mbodze ni mwanamke ambaye ukiweka kitu chini, ukirudi unakikuta kimeoshwa.

Mungu hakuwajalia mtoto. Tuliseme wazi, maana kila aliyeketi hapa alikuwa akilijua na wengi tulikuwa tukilisema. Mwaka 1965 mbari ilimtuma mtu Mombasa akaongee na Dena juu ya kuoa mke wa pili. Mwaka 1971 ilimtuma tena mtu yule yule, safari hii na jina la msichana kabisa. Dena alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mimi nilioa Mbodze. Sikuoa tumbo." Mtu yule aliyetumwa mara mbili ni Charo. Na Mbodze ndiye aliyemwandalia kitanda usiku huo, shuka jeupe, na maji ya kuoga asubuhi.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Desemba 1984. Ofisi ilimpa saa ya ukutani, naye akaomba hadubini kuukuu iliyokuwa inangoja kutupwa, wakamwachia. Alijenga nyumba yake Kibarani, pale Kilifi, vyumba vitatu na baraza, akakaa na mkewe, saa ukutani, hadubini dirishani. Sisi tulidhani kazi zake zimekwisha.

Agosti 1985 alifuatwa na bwana Msellem, mfanyabiashara wa Malindi, ambaye pamoja na duka lake la halua alikuwa akichimbisha mbolea ya popo katika pango la Kitsapuni, huko bara ya Malindi, na kuwauzia wakulima wa mboga. Wakulima walilalamika kwamba mbolea ina vijiwe. Bwana Msellem alitaka mtu mwenye ujuzi aseme vijiwe hivyo ni vya nini. Dena akaingia pangoni na taa ya karabai. Ukutani, juu ya mavi ya popo ya miaka na miaka, aliona ukoko wa rangi ya chai nyepesi, na ndani ya ukoko sindano ndogo ndogo zinazong'aa. Akafanya alivyozoea tangu utotoni. Ndiyo, alilamba. Bwana Msellem, ambaye yuko hapa leo na atatusamehe, alitoka nje akatapika.

Dena alirudi Kibarani na kikapu cha vipande vya ukoko huo, akakiweka dirishani penye hadubini, akaenda kujilaza. Kikapu kilinuka. Mwanamke gani mwenye heshima zake angekiacha kilivyo? Mbodze alikitoa kila kipande kwa upendo kabisa, akavitia karaini, akavisugua. Alipofika katikati aliona mikono yake inasugua hewa. Ukoko ulikuwa umekwisha, zimebaki punje za chokaa. Dena alipoamka alimkuta amesimama na kikapu kitupu.

Mwanamume mwingine angefoka. Dena aliuliza kitu kimoja tu: "Yale maji yako wapi?"

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini ya Mbodze hayakuwa yamemwagika. Maji ya Kibarani siku zile yalinunuliwa kwa debe, na Mbodze hakuwa mtu wa kutupa hata maji ya kusuuzia. Yalikuwa palepale karaini yakingoja kumwagiliwa mchicha jioni. Dena aliyachuja kwa kitambaa, akayaweka juani kwenye sufuria. Siku ya pili ukingoni mwa sufuria kulikuwa kumeota sindano. Aliomba dawa ya kupimia kwa mwalimu wa kemia wa sekondari, akatia tone. Ikageuka manjano kama kiini cha yai. Fosfeti, chumvi ile ile inayoipa mbolea nguvu. Ndugu zangu, mzee mzima aliketi chini sakafuni akacheka mpaka machozi. Mbodze alidhani amerukwa na akili kwa ajili ya kosa lake.

Baadaye alimweleza mkewe, na mkewe ndiye aliyetueleza juzi. Ukoko huo haukuwa kitu cha Kitsapuni peke yake. Pengine uliletwa maabara mara nyingi kutoka mapango mengine. Lakini desturi ya maabara ni kuosha kwanza. Kilichokuwa ndani kiliyeyuka kikaenda na maji, na wenye digrii wakaletewa chokaa safi waiangalie. Aliyekuwa akiosha ni yeye. "Nimekimwaga kwa mikono yangu miaka yote hiyo," alisema, "mpaka amekuja mtu asiyemwaga maji."

Hata hivyo sindano za sufuria hazikufanana na za pangoni. Umbo lilikuwa jingine. Ilibidi apate za pangoni zenyewe, kavu, kabla ya masika, kwa maana mvua ikinyesha maji huchuruzika ukutani na kuchukua kila kitu. Januari hadi Machi 1986 alikwenda Kitsapuni mara kumi na moja, leso puani, kisu cha kupakia rangi mkononi, akibandua ukoko punje kwa punje huku wachimbaji wakivurumisha vumbi kando yake. Bwana Msellem alimpa mitungi ya kioo ya duka lake, yenye vifuniko vya kufunga barabara, na Mbodze akatia mchele uliokaangwa chini ya kila mtungi ili unyevu usiingie. Kukata na kusugua, Dena alitumia mafuta ya taa badala ya maji. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya taa miezi mitatu. Majirani walikwenda kwa chifu kuuliza mzee yule anapika pombe ya namna gani.

Kisha alimwandikia Daktari Thuku wa chuo kikuu Nairobi, ambaye zamani akiwa mwanafunzi alifika maabara ya Mombasa na Dena akamfundisha kushika kioo bila kukivunja. Thuku hakuidharau ile bahasha. Alipeleka punje kadhaa ng'ambo zikapigwe eksirei, na Septemba 1986 jibu likarudi: jiwe hilo halikulingana na jingine lolote linalojulikana duniani. Wakaanza kuliandika. Maelezo ya sura yake yote ni ya Dena: sindano zisizozidi punje ya mpunga, rangi ya chai nyepesi, ukucha unazikwaruza, hupasuka wima, majini hazikai. Aliandika pia kwamba ulimini ni baridi, kisha chumvi, kisha uchungu. Thuku aliufuta ulimi. Dena aliurudisha. Thuku akaufuta tena, na hapo Dena akamwachia, lakini alinuna wiki nzima.

Sasa lilikuja lile la jina. Januari 1987 Thuku alifika Kibarani, na Charo naye alikuwepo, kwa bahati aliyoitafuta. Ipo tume ya kimataifa inayopitisha majina ya mawe mapya, na sheria yake ni kwamba anayelielezea jiwe hawezi kulipa jina lake mwenyewe. Thuku alilisema kwa adabu. "Mzee Dena, ukitaka nitaliita kwa jina lako, denaiti, lakini itabidi makala niyaandike peke yangu. Au tuandike wawili, wewe na mimi, na jiwe liitwe kwa jina jingine."

Charo hakumpa kaka yake nafasi ya kumeza mate. Alisema jiwe! Alisema makala husomwa na nani? Alisema Mungu amefunga mlango akafungua dirisha. Mtu asiye na mwana amepewa jiwe lichukue jina lake, na jiwe halifi. Shemeji alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia. Hakuinua uso. Wiki ile ile Charo alilipeleka shauri Rabai, na mbari yote ikakubaliana naye, wakamwita Dena mara mbili kumhimiza. Dena aliomba wamwache mpaka Pasaka ipite. Pasaka ikapita, akatuma jibu Nairobi, na hakutuambia amejibu nini.

Barua ya kupitishwa kwa jina ilifika tarehe 14 Aprili 1988. Dena alikuja hapa na mbuzi, akasema maneno matatu tu: "Jiwe letu limepita." Ikatosha. Tulichinja, kina mama wakatunga wimbo papo hapo, denaiti, denaiti, mpaka watoto wadogo wakaimba njiani kwenda shule. Wazee walimshika mkono wakamwambia sasa hutakufa mtupu. Dena alitabasamu, akala nyama yake. Mbodze alikuwa jikoni na wakaza wana, akikoroga chungu, na mmoja wetu, asitajwe maana amekwisha kutubu, alipita akasema kwa sauti ya kusikika kwamba afadhali jiwe limefanya ambalo mke hakuweza.

Kikohozi kilimwanza baada ya lile vumbi la 1986 na hakikumwacha. Mwishoni mwa 1988 madaktari wa Mombasa walisema mavi ya popo yamemtia ugonjwa mapafuni. Alilazwa mara mbili. Mwaka huu kuanzia Julai hakuweza tena kulala chali. Mbodze alimwegemeza kifuani pake akawa ndiye mto wake. Alimlisha uji kwa kijiko, akamwosha, akamnyoa ndevu kila Jumamosi, kwa sababu Dena hakupenda kuonekana hovyo hata na ugonjwa. Hakuwa mgonjwa mwepesi. Aliisahihisha dawa, alimsahihisha daktari. Ndugu yetu alifariki nyumbani kwake Kibarani, Jumamosi tarehe 4 Novemba 1989, saa nne asubuhi, baada ya kunyolewa.

Hapa ndipo wasifu ungekwisha, kama Charo asingefungua kasha.

Jumapili tarehe 5 wanaume wa mbari tuliketi. Tulikubaliana kwamba hanga, yaani matanga haya, likimalizika Mbodze arudishwe kwa ndugu zake Ribe, kwa kuwa hana mtoto wa kumweka pale, na nyumba ya Kibarani apewe Kiponda, mwana wa Charo. Hatukumwambia. Jumanne Charo alikwenda Kibarani kuomba hati za marehemu, akisema anatafuta tarehe za wasifu. Tarehe alizitafuta kweli. Alikuwa anatafuta na karatasi za kiwanja pia, na anaona haya kulisema mbele ya jeneza, lakini atalisema.

Ndani ya kasha alikuta makala yenyewe, yamechapwa vizuri kwenye karatasi nzito. Juu kuna majina mawili ya waandishi, na la pili ni G. D. Kiponda. Juu ya hayo ni jina la jiwe. Charo alilisoma mara tatu, maana hakulitarajia: mbodzeiti. Chini yake kwa Kiingereza imeandikwa, na hapa tumelitia Kiswahili, kwamba jiwe limeitwa hivyo kwa heshima ya Bi Mbodze Mwaro wa Kibarani, aliyelionyesha katika maji yake.

Kulikuwa na karatasi nyingine. Jina la mtu aliye hai halitumiwi mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi. Thuku alikuwa amesema kidole gumba kinatosha. Dena hakutaka. Kabla ya Pasaka ile ya 1987, majuma matano mfululizo, alimketisha mkewe mezani kila jioni na daftari la mistari miwili, la kujifunzia herufi. Daftari limo kashani, limejaa. Na kwenye barua, kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka, bila kidole cha mtu: Mimi Mbodze Mwaro nimekubali.

Charo alitoka nayo mpaka ukumbini. Shemeji alikuwa amekaa na wanawake wa matanga, anachagua mchele wa wageni. Charo alimuuliza kwa nini mwaka na nusu amesikia nyimbo, amesikia maneno, na hakusema.

Aliendelea kuchagua mchele. "Dena alisema mkiuliza, tutawaambia," alisema. "Hamkuuliza."

Basi familia inasema hivi, mbele ya Mchungaji na mbele yenu. Maneno ya Jumapili yamefutwa, na waliokuwepo wamekubali jana kwa kusimama. Kiponda amekuja mwenyewe kumwambia shangazi yake—maana hivyo ndivyo amwitavyo tangu utotoni—kwamba hataki nyumba. Anaomba tu aruhusiwe kuwa anamchotea maji. Na kwa miaka thelathini ya yale tuliyoyasema tukiwa tumeshika vikombe alivyoviosha yeye, sisi wa mbari ya Kiponda tunakuomba radhi, Mbodze. Hatukuombi ujibu leo.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mbodze Mwaro, mwenye nyumba ya Kibarani. Wadogo wanne walio hai, Charo, Kadzo, Mapenzi na Sidi. Watoto wa ndugu kumi na tisa, saba kati yao aliowalipia karo. Na rafiki zake Daktari Thuku na bwana Msellem, waliokuja kutoka mbali. Jiwe lake limewekwa Nairobi, kwenye mtungi mkavu, na jina la mkewe limeandikwa juu.

Lala sasa kwa amani, kaka. Mbodze yuko kwake.